13 na Ndugu Yake wa Tarakimu 77

Hii hapa nambari yenyewe, nzima:

57896 04461 86580 97711 78549 25043 43953 92663 49923 32820 28201 97287 92003 95656 48199 49

Ina tarakimu 77, na ni tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wanahisabati huifupisha wakaandika 2²⁵⁵ − 19, yaani zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie 2 mia mbili hamsini na tano, kisha utoe 19. Mkulima wa chai wa Litein, Kenya, anapomwandikia mwanawe aliye Nairobi au Doha kwenye WhatsApp kwamba bonasi ya chai imeingia, simu zao mbili huwa zimekwisha kuafikiana siri kwa hesabu iliyojengwa juu ya nambari hii. Karani wa kituo cha kununulia majani anapowaarifu wakulima kwamba gari la kiwanda limekwama kwenye matope, nambari ni hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo tangu Aprili 2016, WhatsApp ilipokamilisha kazi ya kufunga jumbe za watumiaji wake wote. Vivinjari vya intaneti navyo huitumia kila siku. M-Pesa inayopitia kadi ya simu ina utaratibu wake mwingine, kwa hiyo hapa naiacha kando.

Wengi hudhani usalama wa simu unatokana na nambari ndefu iliyofichwa mahali. Nambari hii haikufichwa. Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani, aliichapisha mwaka 2006 pamoja na sababu za kuichagua, na tangu hapo mtu yeyote duniani ameweza kuichunguza. Nguvu yake imetoka hapo hapo, kwenye uwazi. Ninachotaka kuonyesha katika safu hii ni kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi huo haihitaji shahada. Mwanafunzi wa sekondari pale Litein, aliyefundishwa majaribio ya ugawanyikaji, anaweza kuifanya kwa kalamu, karatasi na kikokotoo cha kawaida. Aanze na jambo dogo: ajumlishe tarakimu zote 77. Atapata 376. Ajumlishe tena, 3 na 7 na 6, apate 16. Kumi na sita ikigawanywa kwa 3 inabakiza 1, kwa hiyo nambari yetu nayo ikigawanywa kwa 3 inabakiza 1. Salio hilo litatufaa baadaye.

Kwanza, kwa nini lazima iwe tasa? Jibu liko kwenye saa. Msemaji wa Kiswahili hafanyi juhudi yoyote kuzijua hesabu za saa. Mshale unaonyesha 8, naye anasema saa mbili. Unaonyesha 1, anasema saa saba. Kila mara amejumlisha 6, na jumla ikipita 12 ameitupa hiyo 12 akabaki na salio. Katika ulimwengu huo wa masalio unaweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha bila tatizo. Kugawanya ndiko kunakoleta shida. Kwenye saa ya 12, 3 mara 4 inarudi sifuri, na 3 mara 8 inarudi sifuri vilevile, kwa hiyo ukipewa jibu peke yake huwezi kujua ulianza na nini. Hali ni nyingine ukihesabu kwa siku za juma, ambazo ni 7. Hapo 2 mara 4 huacha 1, 3 mara 5 huacha 1, 6 mara 6 huacha 1. Kila nambari ina mwenzi wa kuirudisha kwenye 1, na kuwa na mwenzi ndiko kugawanyika. Tofauti ni kwamba 7 ni tasa na 12 siyo. Hesabu za siri zinataka ulimwengu ambamo kila hatua inaweza kupigwa sawasawa, pamoja na kugawanya, na ulimwengu huo unapatikana pale tu idadi ya alama za saa ikiwa tasa. Simu ya Litein basi ina saa yenye alama 2²⁵⁵ − 19.

Na kwa nini iwe karibu sana na kipeo cha 2? Kwa sababu kompyuta huhesabu kwa 0 na 1, na kwake kuikata nambari mahali pa 2²⁵⁵ ni rahisi kama ilivyo rahisi kwetu kuikata kwenye maelfu. Katika saa hii 2²⁵⁵ na 19 ni kitu kimoja, maana tofauti yao ndiyo nambari tasa yenyewe. Kwa hiyo simu ikizidisha nambari mbili na jibu likafurika, haihangaiki kugawanya. Inakata sehemu iliyozidi, inaizidisha kwa 19, inaijumlisha na iliyobaki. Kadiri 19 ilivyo ndogo, ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi, hata kwa simu ya bei nafuu.

Sasa tufike kwenye 19 yenyewe. Mbona si 1, au 3, au 7? Hapa ndipo ningependa kila mwalimu wa hisabati wa Litein asimame na darasa lake. Nambari shufwa tunaziondoa mara moja: ukitoa shufwa kwenye 2²⁵⁵ unabaki na shufwa. Zinasalia witiri tisa kabla ya 19, nazo ni 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15 na 17.

Anza na kigawanyo 3. Vipeo vya 2 vikigawanywa kwa 3 vinabakiza 2, 1, 2, 1, vikipokezana bila kukoma. Kipeo 255 ni witiri, kwa hiyo salio ni 2. Maana yake ukitoa nambari yoyote inayobakiza 2 ikigawanywa kwa 3, jibu litagawanyika kwa 3. Zimeanguka 5, 11 na 17. Kigawanyo 5: masalio yanazunguka 2, 4, 3, 1. Ukigawanya 255 kwa 4 inabaki 3, na salio la tatu katika mzunguko ni 3. Zimeanguka 3 na 13. Kigawanyo 7: mzunguko ni 2, 4, 1, na 255 inagawanyika kwa 3 bila baki, hivyo salio ni 1. Zimeanguka 1 na 15. Tumebaki na 7 na 9. Ya 9 inaangushwa na 17: mzunguko wake una hatua 8, 255 inaacha 7, na 2⁷ ni 128, ambayo ikigawanywa kwa 17 inabakiza 9. Ya 7 ndiyo ngumu. Inakwepa 11, 13, 19, 23 na tasa zote nyingine zilizo chini ya mia, halafu inakamatwa na 107. Mwanafunzi mwenye subira ataona kwamba 2²⁵⁵ ikigawanywa kwa 107 inabakiza 7 kamili.

Zote tisa zimekwisha, na 19 ndiyo ya kwanza kusimama. Kupata tasa karibu hivyo ni bahati. Katika eneo hilo la nambari, kwa wastani ni moja tu katika kila 177 iliyo tasa. Bernstein aliikuta kwenye hatua ya kumi ya witiri.

Kusimama mbele ya vigawanyo vidogo si uthibitisho, lakini kabla ya kufika huko nataka nimlete mdogo wake. Chukua 2⁵, ambayo ni 32, utoe 19. Unabaki na 13. Umbo ni lile lile, na kufanana kwao kunazidi umbo. Zote mbili zikigawanywa kwa 8 zinabakiza 5. Zote mbili zikigawanywa kwa 3 zinabakiza 1, kama tulivyoona kwenye jumla ya tarakimu. Kwa sababu hiyo karibu kila jambo la msingi lililo kweli kwa ile kubwa unaweza kulishika kwa vidole kwenye 13.

Mfano ni miraba. Fermat alidai mwaka 1640, na Euler akathibitisha karne iliyofuata, kwamba tasa ikigawanywa kwa 4 ikabakiza 1, basi ni jumla ya miraba miwili, na kwa njia moja tu. Kumi na tatu ni 4 na 9. Ile kubwa nayo ina jozi yake ya miraba, kila mmoja mkubwa kuliko uwezo wa mtu kuusoma kwa pumzi moja. Katika saa za namna hii hata −1 ina kipeuo cha pili, jambo ambalo mwanafunzi ameambiwa haliwezekani. Kwenye 13, −1 ni 12, na 8 mara 8 ni 64, inayobakiza 12. Hiyo 8 imetoka wapi? Ni 2³, na 3 ni robo ya 12. Kwenye saa kubwa kanuni ni ile ile: chukua 2 uipandishe kwa kipeo 2²⁵³ − 5, ambacho ni robo ya nambari yetu ikipunguzwa 1, na utapata kipeuo cha pili cha −1. Kanuni hii inafanya kazi kwa sababu salio la 8 ni 5. Wala si mapambo ya kinadharia. Katika sahihi za kidijitali zilizotolewa mwaka 2011 juu ya nambari hii, ufunguo hubeba sehemu moja tu ya nukta iliyo kwenye mkunjo (mikunjo tutaifikia) pamoja na alama ndogo, na simu hulazimika kukokotoa sehemu ya pili kwa kutafuta kipeuo cha pili. Bila kanuni hii kazi hiyo ingekwenda polepole zaidi.

Tuje kwenye uthibitisho. Kujaribu vigawanyo kimoja kimoja hadi kwenye kipeuo cha pili cha nambari ya tarakimu 77 hakuwezekani, hata kompyuta zote duniani zikiungana. Njia ni kuigeukia jirani yake, nambari iliyopungua 1. Jirani huyo ni 2²⁵⁵ − 20, na vigawo vyake ni 4, 3, 65147 na tasa moja ya tarakimu 71. Usiniamini kuhusu 65147, hakikisha mwenyewe. Gawanya 2¹⁶, ambayo ni 65536, kwa 65147, unabaki na 389. Piga mraba wa salio hilo ugawanye tena, unapata 21027, salio la 2³². Rudia: 47187. Rudia: 18803. Rudia mara ya mwisho: 40. Hilo ni salio la 2²⁵⁶. Nusu yake ni 20, salio la 2²⁵⁵. Ukitoa 20, hakuna kinachobaki. Kikokotoo cha dukani kinatosha.

Mwaka 1914 Mwingereza Henry Pocklington alionyesha kwamba jirani huyo akiwa na kigawo tasa kikubwa kuliko kipeuo cha pili cha nambari inayochunguzwa, jaribio moja la vipeo linaweza kumaliza shauri. Kigawo chetu cha tarakimu 71 kinavuka mpaka huo kwa mbali, maana kipeuo chenyewe kina tarakimu 39. Lakini je, hicho cha tarakimu 71 ni tasa kweli? Kinathibitishwa vivyo hivyo, kwa vigawo vya jirani yake, na hivyo navyo kwa vya jirani zao, mpaka ufike kwenye nambari ambazo mtoto wa shule ya msingi anazijua. Mwaka 1975 Vaughan Pratt alieleza jinsi ya kuuandika mteremko huo wote kama cheti kifupi ambacho mtu mwingine anaweza kukikagua haraka. Ninaupenda uthibitisho wa aina hii kuliko mwingine wowote katika fani yetu, kwa sababu anayeukagua hana haja ya kumwamini aliyeuandika.

Siri yenyewe inaafikiwaje? Whitfield Diffie na Martin Hellman walitoa njia mwaka 1976, nayo inaonekana vizuri kwenye 13. Mama yuko Litein, mwanawe Doha. Wanakubaliana hadharani kutumia 13 na 2. Mama anachagua 5 kimoyomoyo, anakokotoa 2⁵, inabakiza 6, anatuma 6. Mwana anachagua 8, anakokotoa 2⁸, inabakiza 9, anatuma 9. Mama anaipandisha 9 kwa kipeo chake cha 5, anapata 3. Mwana anaipandisha 6 kwa kipeo chake cha 8, naye anapata 3. Wameifikia 3 pamoja, na 3 haikupita hewani. Msikilizaji aliyeziona 13, 2, 6 na 9 atalazimika kurudi nyuma kutafuta vipeo vilivyofichwa. Kwenye 13 atavipata kabla chai haijapoa. Kwenye nambari kubwa njia ya kurudi inakuwa ndefu kupita kiasi.

Hapa lazima niseme ukweli ambao maelezo mengi mepesi huuruka. Vipeo vya kawaida kwenye saa ya tarakimu 77 havitoshi kutulinda. Mwaka 2019 kundi la watafiti lilivunja tatizo hilo hilo kwenye tasa ya tarakimu 240. Kwa hiyo simu haizidishi nambari tupu; inajumlisha nukta zilizo juu ya mkunjo wenye mlinganyo y² = x³ + 486662x² + x, ikihesabu kwenye saa yetu. Nukta hizo, kwa idadi, ni mara 8 ya tasa nyingine kubwa, 2²⁵² + 27742317777372353535851937790883648493. Kwa mkunjo wa namna hiyo, njia bora inayojulikana ya kuuvunja kwa kompyuta za leo inahitaji hatua zinazokaribia 2¹²⁶. Nambari tasa imetoa uwanja, mkunjo umetoa ugumu.

Hata hiyo 486662 ina maelezo yake. Bernstein alitafuta nambari ndogo zilizotimiza masharti aliyoyaandika mwanzoni. Zilizotangulia zilikuwa 358990 na 464586, akaziacha, akaeleza kwamba tasa mojawapo inayotokana na kila moja ilikuwa chini kidogo ya 2²⁵² na ingewasumbua watengenezaji wa programu. Msomaji anaweza kudhani huu ni ukaidi wa wataalamu. Siyo. Mikunjo iliyokuwa ikipendekezwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikuwa na nambari zilizotokana na mbegu ambazo asili yake haikuelezwa. Mwaka 2013 nyaraka za ujasusi wa Marekani alizozitoa Edward Snowden ziliongeza uzito wa shaka ambayo wanahisabati walikuwa nayo tangu 2007 kwamba kuna mlango wa siri katika Dual_EC_DRBG, mtambo wa nambari nasibu uliokuwa kwenye viwango vya NIST, na mwaka 2014 NIST ikauondoa. Baada ya hapo swali la nani alichagua nambari, na kwa sababu gani, likawa swali la usalama wa umma. Mkulima wa Litein hana ofisi ya kumtetea katika mambo haya. Kinachomlinda ni kwamba uchaguzi ulifanyika hadharani, na ungekuwa na hila, mtu mahali fulani angeiona.

Ndiyo sababu naumizwa na jinsi shule zetu zinavyoziacha nambari tasa. Silabasi ya sekondari ya mfumo wa 8-4-4 wa Kenya ilianza na nambari asilia, vigawo na majaribio ya ugawanyikaji, kisha ikaondoka hapo moja kwa moja bila kurudi. Hesabu za masalio zilikuwa zimebisha hodi Afrika Mashariki mapema. Kuanzia 1962 walimu na wanahisabati wa Kiafrika na wa Marekani walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya, na miaka hiyo fikra za seti na za hesabu za saa zikaingia madarasani. Kenya iliachana na hisabati hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na naelewa kwa nini: walimu wengi hawakuandaliwa, na wazazi hawakuona faida ya seti. Lakini katika kuitupa seti tulizitupa na hesabu za masalio, miaka michache tu baada ya Diffie na Hellman kuonyesha kazi yake.

Wengine, wakitaka kuonyesha kwamba nambari tasa si ngeni Afrika, hupenda kutaja hapa mfupa wa kale wa Ishango, wenye alama zilizochanjwa, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin upande wa Kongo, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, na ambao sasa uko Brussels. Safu moja ya chanjo zake ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, tasa zote nne zilizo kati ya 10 na 20. Mfupa una miaka inayokaribia elfu ishirini. Sioni ushahidi kwamba aliyeuchanja alijua dhana ya utasa, maana safu nyingine zina 21 na 9 na 6. Alihesabu, na alihesabu kwa uangalifu. Hilo linatosha kumheshimu, bila kumvika taji la nadharia ambayo hakuiacha.

Nambari yetu ya tarakimu 77 haitatumika peke yake milele. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kikwanta, ikijengwa kubwa vya kutosha, itairudi njia ile ndefu kwa haraka, na tayari programu za ujumbe zimeanza kuongeza ulinzi wa aina nyingine juu ya ule wa zamani. Mnamo Agosti 2024 NIST ilitoa kiwango kipya cha kuafikiana siri, ML-KEM. Nacho kina tasa yake, na safari hii ni ndogo ajabu: 3329. Ilichaguliwa kwa sababu ikipunguzwa 1 inagawanyika kwa 256, jambo linalorahisisha kuzidisha kwa kompyuta. Na 3328 ukiigawanya kwa 256 unapata 13. Kuthibitisha kwamba 3329 ni tasa hakuhitaji Pocklington wala cheti cha Pratt. Kipeuo chake cha pili hakifiki 58, kwa hiyo tasa za kujaribu ni 16 tu, kutoka 2 hadi 53. Darasa la Litein linaweza kuimaliza kazi hiyo katika kipindi kimoja, kila dawati likichukua kigawanyo chake.